Pumba Ndani ya Jeki

Nyie vijana mnaonunua maiki siku hizi mnanipigia simu na kuniuliza swali moja kwa maneno tofauti: "Kaka, mbona inalia?" Wengine mnanitumia hiyo sauti kabisa niisikilize. Naisikiliza nikiwa nimeegesha pikipiki Sitalike, au niko kwa kinyozi Mpanda mjini, au niko njiani kwenda mahali ambapo hata shughuli sina. Miguu yangu haijawahi kukubali kutulia. Kurekodi nimeacha, maana sikio langu la kushoto sasa lina mlio wake lenyewe, na mtu mwenye mlio sikioni hawezi kuuza usikivu. Ila kujibu sijaacha. Leo nawajibu wote kwa pamoja, na nitawasimulia habari za Mama Nyanzobe wa Majimoto, kwa sababu karibu kila mnachoniuliza kilinikuta nyumbani kwake kwa mchana mmoja, na ule haukuwa mchana wa kukosea.

Tuanze na kelele zenyewe. Aliyenifundisha kuzitambua ni Mzee Ramadhani, aliyekuwa na duka karibu na soko la Mpanda. Upande mmoja aliuza sabuni, betri na chumvi. Upande mwingine alitengeneza redio na kukodisha vyombo vya harusi. Nilikwenda kwake baada ya kumaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mama yangu aliyakunja na kuyaweka chini ya godoro. Mzee alikuwa akisema kelele zina makabila, na kila kabila lina kwao.

"Usimkamate Mfipa kwa kosa la Mkonongo," aliniambia. "Mwulize kwanza, kwenu wapi?"

Ule mlio mzito wa mmmm usiokata pumzi, kwao ni kwenye umeme. Unatoka kwenye chaja, kwenye inveta ya sola, kwenye waya wa maiki uliolazwa sambamba na waya wa umeme kama mtu na mkewe. Chomoa chaja, kompyuta itumie betri yake. Mlio ukiondoka, umempata. Usipoondoka, zitenganishe zile waya mbili, na kama lazima zikutane basi zikatane kama barabara mbili kwenye njia panda, zisitembee pamoja. Ule wa kraa-kraa unaokuja ukigusa waya na kuondoka ukiuacha, kwao ni kwenye jeki, lile tundu unapochomeka waya, au kwenye shingo ya waya, pale panapokunjwa kila siku. Fuuu ni upepo. Tititi-tititi ni simu ya mtu aliyekuapia kwamba ameizima. Na yule wa mwisho, kimya, Mzee alimwogopa kuliko wote, maana wengine wote wanapiga hodi, kimya anakuja na kukaa sebuleni wewe hujui.

Mimi niliingia kazini na bisibisi. Redio ikilia, nafungua. Miksa ikilia, nafungua. Mzee akanikuta siku moja nimetawanya vyuma juu ya gazeti, jasho linanitoka.

"Inaumwa nini?" akauliza.

"Bado natafuta, Mzee."

"Umeanza kupasua, ndipo uulize? Waya umeubadilisha?"

"Bado."

Akachukua waya mwingine ukutani, akauchomeka kwenye kile kilichobaki, ikanyamaza kelele yote. Aliniletea chai, nikainywa nikiwa nakusanya skrubu, na zilibaki mbili ambazo sikujua zilitoka wapi. Toka siku hiyo naanza na waya. Na ninabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya na maiki na betri kwa pamoja, mlio ukaondoka, umepona bila kujua ulikuwa unaumwa nini, na kesho utaugua tena.

Kuhusu kimya, nina kisa cha harusi moja kule Mwamkulu. Zile rekoda ndogo nyingi, ukibonyeza mara moja taa nyekundu inapepesa. Inapepesa tu. Maana yake mashine imekaa tayari, bado haijaanza. Mpaka ubonyeze tena na taa itulie. Mimi kwenye harusi ile niliona wekundu, nikaridhika. Babu wa bibi harusi akasimama akatoa wosia mrefu, watu wakatoa machozi, kina mama wakapiga vigelegele. Niliporudi kwenye mashine, hamna kitu. Nikamfuata yule babu nyuma ya nyumba, nikapiga magoti, nikamwomba arudie.

Akarudia, mtu mzima mwema. Shida ni kwamba safari hii alimwonya bibi harusi kwa urefu uleule, akasahau kabisa kumwonya bwana harusi. Mpaka leo upande wa mke wakiniona sokoni wananiita "yule aliyekata maneno ya babu." Kwa hiyo angalia taa, halafu angalia zile namba za muda. Namba zikitembea, mashine inakula. Namba zikisimama, imekaa inakutazama kama wewe unavyoitazama.

Sasa Majimoto.

Kabula alinipigia wakati wa masika. Ni binti wa Kisukuma niliyemfahamu kwa sababu alikuwa anapika wali na maharage karibu na mnada, na mimi nilikuwa mteja wake kila nilipopita huko na mashine zangu.

"Fundi, uko wapi?"

"Niko Mpanda."

"Leo uko Mpanda, kesho Karema, keshokutwa hujulikani. Nikuombe ubaki mahali pamoja siku mbili tu. Mama anapasuliwa shingo."

Nilimjua mama yake, Mama Nyanzobe, kwa sura tu: mwanamke mrefu, mwenye tezi lililokua shingoni miaka mingi hadi akalizoea kama watu wanavyozoea kilima mbele ya nyumba. Sasa lilikuwa limeanza kumbana pumzi. Walikuwa wanaondoka Jumatatu kwenda Mbeya. Daktari alisema atapona. Kuhusu sauti hakuahidi. Inaweza kurudi, inaweza kurudi nyingine.

"Sasa unataka nirekodi nini?" nikamuuliza.

"Safari."

Safari ni wimbo wao wa nyumbani, nanyi mnapaswa kuuelewa ili mjue mashine yangu ilikuwa inabeba nini. Watu wa ukoo wao walitoka upande wa Shinyanga na ng'ombe, wakashuka kupitia Tabora na Sikonge, msituni, mpaka wakafika huku Mpimbwe, ilipo Majimoto. Baba yake Mama Nyanzobe alikuwa mtunzi. Kila walipolala, asubuhi yake aliongeza ubeti: maji yako wapi, nani aliwapokea na nani aliwafukuza, ng'ombe gani kazaa, mbung'o wameua wangapi, na kama kuna mtu amekufa, amezikwa wapi. Wazee walioujua wimbo ule wote walikuwa wamekwisha. Watoto walijua vipande. Aliyebaki nao mzima, tangu mwanzo mpaka mwisho, ni yeye peke yake.

"Tuna watu wetu wamelala huko njiani, Fundi," Kabula alisema. "Ramani yao iko kwenye koo la mama. Na hilo koo wanakwenda kulipasua."

Nikafunga mfuko nikaondoka asubuhi. Mvua ikanikamata baada ya Kibaoni, ile mvua isiyokupa hata muda wa kusimama ukavaa koti. Nilikuwa na mfuko wa nailoni, lakini nailoni ina siri yake: maji yakishaingia hayatoki. Nilifika Majimoto nimelowa mpaka kwenye soksi.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia kwa lugha yao, mayu ni mama kwao, ingawa mimi ni Mbende. Mama Nyanzobe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, kanga shingoni.

"Mwadila. Kumbe Mbende anajua salamu." Akanitazama juu mpaka chini. "Kuogelea ndiyo hajui."

Kabula akanipokea mfuko. "Kaoge, Fundi, ule. Hivi vitu navikausha mimi."

Nikaenda kuoga. Shikeni hapo, vijana. Usimwachie mtu mashine iliyolowa, hata awe mwema kiasi gani. Hasa akiwa mwema. Mbaya wako ataiacha hapohapo ilipo; mwema ndiye atakayeishughulikia.

Nilipomaliza kula nikakuta vitu vyangu vimepangwa mezani, vikavu, vimefutwa. Nikashukuru. Sebuleni walikuwa wamekaa ndugu wamejaa, na kaka mkubwa wa Kabula, Masunga, kwenye kiti karibu na dirisha, fimbo magotini. Nikapanga maiki, nikavaa hedifoni, nikaomba kimya.

Mmmmm.

Nikachomoa chaja ya kompyuta. Mmmmm. Nikatenganisha waya. Bado. Halafu nikasikia kwamba mlio unapanda na kushuka, na nje kuna mashine ya kukoboa mpunga inapanda na kushuka vilevile. Jirani alikuwa kazini, na umeme wa nyumba ile na wa mashine ile ni ndugu. Siwezi kumwambia mtu wa Majimoto asikoboe mpunga. Rekoda yenyewe nayo nikaichomoa ukutani, nikaweka betri ndogo mpya kwenye rekoda, tukahamia chumba cha nyuma, mbali na mashine. Tulitundika blanketi mbili kwenye kuta na kuegemeza godoro nyuma yangu, maana chumba kitupu kinarudisha sauti kama kisima. Mlio ukafa.

"Haya, mayu. Anza kidogo tu."

Akaanza. Nyie, ile sauti. Ilikuwa nene na imenyooka, na haikuonyesha kama inapita mahali penye kizuizi. Kabla hajamaliza ubeti: tititi-tititi-tititi.

"Simu," nikasema. "Nani ana simu?"

Wote wakanyoosha mikono mitupu. Nikainama. Chini ya kigoda cha mama, karibu kabisa na mguu wa stendi, zilikuwa simu tatu zimelazwa kwenye kitenge, zote zinarekodi.

"Za kwako hizo, Kaka Masunga?" nikauliza.

"Moja."

"Zinaingilia mashine."

"Sikiliza, Fundi. Mashine yako sina ugomvi nayo. Lakini wewe ni mtu wa kuhama. Kesho uko Karema, mashine inaanguka ziwani, sisi tunabaki na nini? Ng'ombe wako humfungi kwa kamba ya mgeni."

"Hata ng'ombe huna, Fundi," mama akadakia. "Huwezi kumwelewa."

Watu wakacheka, na mimi pia. Masunga alikuwa na haki. Sikuwaambia wazime kurekodi. Niliwaomba waziweke simu zile zisishike mtandao, wazisogeze ukutani. Hiyo ndiyo dawa yake: simu isiyotafuta mnara haisemi tititi. Na kwa siri nilifurahi, maana kuwa na nakala ya pili, hata mbovu, ni akili kuliko kiburi cha fundi.

Tukaanza tena. Kraa.

Kraa-kraa. Nikagusa waya, kraa. Nikabadilisha waya. Mama akaanza upya. Kraa. Nikabadilisha maiki. Mama akaanza upya. Kraa. Nikahamishia kwenye tundu la pili la rekoda, maana yalikuwa mawili. Mama akaanza upya, na safari hii niliona ameweka vidole shingoni, anakohoa kidogo, anameza mate kwa shida.

Kabula akanivuta pembeni. "Fundi, unamchosha. Akimaliza sauti leo kwa majaribio, Jumatatu ndiyo hiyo."

Maneno yale yalinipiga. Nilikuwa natafuta kelele kwa kutumia koo la mgonjwa. Kwa hiyo liandikeni hili mahali mtakapoliona: usimjaribie mwimbaji mashine. Mwimbaji akae, anywe maji ya vuguvugu. Majaribio afanye mtu mwingine yeyote, ahesabu, ataje majina ya wajomba zake. Nilimketisha Masunga mbele ya maiki.

"Sema chochote, Kaka."

"Niseme nini?"

"Taja ng'ombe wako."

Hapo nilikosea, kwa sababu alikuwa anawataja mmoja mmoja kwa rangi na tabia, na ilikuwa vigumu kumkatiza. Lakini alinipa muda. Nilikuwa nimebadilisha waya, nimebadilisha maiki, na kraa imebaki. Kitu pekee ambacho hakijabadilika ni rekoda. Nikaiwashia tochi kwenye tundu la jeki.

Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya dhahabu. Nikachukua njiti ya ufagio nikaichokoa taratibu. Ganda la mpunga. Nikachungulia tundu la pili. Maganda, na vumbi lake lile laini kama unga.

"Kabula," nikaita. "Rekoda uliikaushia wapi?"

"Kwenye pumba."

"Pumba?"

"Simu ya Kaka ilipoanguka kwenye josho tuliiweka kwenye mchele, ikapona. Nikaona mchele ni chakula cha watu. Nikaifukia kwenye gunia la pumba, ikakauka vizuri tu."

Masunga akasahau ng'ombe. "Yaani mashine ya mtu unaifukia kama muhogo?"

Kabula akatazama mikono yake. Alikuwa amekausha vyombo vyangu vyote, amenipikia, amefuta waya zangu moja moja, na ameniita kutoka Mpanda kwa sababu alikuwa anaogopa kuliko wote mle ndani.

"Hata mimi ningeifukia," nikasema. "Imekauka au haijakauka?"

"Imekauka," akasema polepole.

"Basi kazi iliyobaki ni kufagia."

Nanyi mnaofukia simu kwenye mchele, acheni. Vumbi lake linaingia mahali ambapo maji hayakufika. Kitu kikilowa, kizime mara moja, toa betri, kifute, kiweke kivulini penye upepo, tundu zitazame chini, ukiache mpaka uchoke kukisubiri. Jua kali nalo hapana. Vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vyenye punje punje, usivitupe. Ndiyo kazi yake. Mimi siku ile nilitumia mswaki mkavu ambao haujawahi kuona dawa ya meno, na spiriti kidogo ambayo Kabula alikimbia kuinunua duka la dawa. Betri nje kwanza. Nikachokoa, nikapiga mswaki, nikapuliza kwa mpira wa pampu ya baiskeli badala ya mdomo, maana pumzi ya mdomo ina maji. Spiriti ikaachwa ikauke. Tundu moja lilikataa. Lingine lilikubali.

Nikamrudisha Masunga. Akaendelea na ng'ombe pale alipoishia, bila kuulizwa. Nikatikisa waya. Hakuna kraa. Nilimwacha afike kwa yule dume mwekundu wa mwisho kwenye orodha yake, kwa heshima.

Mama Nyanzobe akakaa. Nikamwekea maiki si mbele ya mdomo bali pembeni kidogo, urefu wa mkono uliokunjwa, ili pumzi isipige moja kwa moja. Sauti inayoingia niliipunguza chini ya nilivyozoea. Mwimbaji akipata moto huongeza, na sauti ikishapasuka kwenye mashine hakuna fundi Tanzania hii atakayeishona. Ndogo unaweza kuikuza. Taa ilitulia. Namba zikatembea.

Akaimba Safari. Ndugu wakaitikia kwa sauti za chini. Kisukuma changu ni cha sokoni, lakini majina ya mahali niliyashika: Tabora, Sikonge, Ipole, Inyonga. Alipofika Inyonga nilimwona Kabula ameinua kichwa ghafla akamtazama Masunga, na Masunga akatazama sakafu. Sikuelewa. Kuelekea mwisho mvua ikaanza kugonga bati. Nilitamani kusimamisha, mkono ukakataa. Akamaliza na mvua juu yake. Akaomba maji, akanywa, akasema, "Haya, nipelekeni mkanipasue."

Niliwaachia nakala kwenye simu zote na kwenye memori kadi, nikabaki na yangu.

Wakaenda Mbeya. Mimi nikaenda Karema kurekodi kwaya, na huko ziwa lilinifundisha upepo, maana sponji ya maiki nilikuwa nimeisahau kwa mtu na nikaishia kuvisha maiki soksi ya mwenyekiti wa kwaya, iliyofuliwa, alisisitiza. Kabula alinipa habari kwa simu: amepasuliwa salama, amerudi, anakula. Sauti imerudi, lakini imekwaruza, kama kiti kinachoburutwa kwenye saruji. Hapandi tena juu. Halafu siku moja akapiga tena.

"Fundi, mama anakutaka. Anasema kwenye wimbo kuna shimo."

Shimo kwa fundi wa sauti ni neno moja tu: kadi imeruka, kipande kimepotea. Nilikaa ufukweni Karema nikavaa hedifoni, nikasikiliza Safari yote, nikaangalia namba, nikasikiliza tena. Hakuna mahali palipokatika. Hata sekunde. Nilisikiliza sikio kwa sikio, maana wakati mwingine waya mbovu huua upande mmoja tu. Pande zote zilikuwa hai. Nikafunga mfuko nikaondoka, na njiani kote nilikuwa najitetea peke yangu juu ya pikipiki.

Nilimkuta kwenye kigoda chake mlangoni. Shingo ilikuwa nyembamba, na kovu kama uzi.

"Mayu, nimetafuta shimo sijaliona," nikamwambia.

"Hutaliona." Ile sauti mpya ilinishtua. "Liko katikati ya Ipole na Inyonga. Pale kuna ubeti niliruka."

Akanieleza. Baada ya Ipole kuna mto Koga. Pale alikufa mdogo wake, Shija, kwa homa, na yeye ndiye aliyekuwa anambeba mgongoni. Baba yao alitunga ubeti wa pale kama kwingine kote. Yeye tangu utoto hajawahi kuuimba bila kulia. Watoto wake walijua upo, walikuwa hawajaupata mzima hata siku moja, kwa sababu kila mara ulizama kwenye machozi.

"Sasa siku ile kwa nini uliruka?" nikamuuliza. "Ungelia tu, mayu."

"Ningelia vipi? Mchana mzima nimekaa hapa nawatazama. Mmefukuza umeme, mmefukuza simu, mmefukuza pumba. Kila kilicholia mmekitoa. Nikaona na kilio changu ni kelele, kitawaharibia mashine."

Kabula alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake. Akageuka akaingia ndani.

Vijana, nimewafundisha makabila ya kelele, na mtayafukuza, ni kazi yenu. Lakini yule anayekaa mbele ya maiki anawatazama mnavyofukuza. Mwambieni mapema, kabla hamjabonyeza chochote, kwamba kukohoa kwake, kupumua kwake na kulia kwake si kelele. Mimi sikuwa nimemwambia. Nilimwambia siku ile, kwa kuchelewa, nikiwa nimeshika waya mkononi.

"Nirekodi sasa," akasema. "Kwa hii sauti mbaya."

"Nikaiunganishe na ile ya kwanza?"

"Usiunganishe. Iache ijulikane ni huyu mwingine."

Tulikaa chumba kilekile. Jirani alikuwa anakoboa, nikatumia betri. Simu za ndugu zikawekwa ukutani bila mtu kuambiwa. Masunga alikaa mwenyewe mbele ya maiki kwa majaribio, akataja ng'ombe watatu tu, akanyamaza akampisha mama yake. Taa ikatulia, namba zikatembea.

Akaimba ubeti wa Koga. Aliimba chini, akikwaruza, na katikati akasimama. Tukasikia anapumua. Kwenye hedifoni nilisikia mpaka mate yanavyopita kwenye koo lililoshonwa. Mkono wangu haukugusa kitu. Akalia kidogo, akapangusa kwa kanga, akaendelea kutoka neno lilelile, akafika mwisho. Ndugu wakaitikia.

Wimbo ulikuwa umekwisha. Kwa kawaida fundi hapo anabonyeza kusimamisha. Mimi niliacha namba zitembee, sijui kwa nini, pengine kwa sababu hakuna aliyekuwa amesogea. Ndipo Masunga akauliza, kwa sauti ya mtoto, mtu mzima yule mwenye ndevu nyeupe:

"Mama, hapo unaposema jiwe la kivuko. Ni upande upi? Kushoto au kulia?"

"Ukitoka Ipole," akasema, "umeshavuka maji. Mkono wa kulia. Jiwe linatazama jua likichomoza. Tulimlaza kichwa kikielekea jiwe."

"Kulia," Masunga akarudia.

"Kulia."

Hayo yamo kwenye rekodi. Mnayasikia wazi, na mashine ya kukobolea kwa mbali nyuma yake.